Kurudi mezani: kitabu cha kurasa 24 baada ya miaka tisa bila kuchora

Mkono haukuwa tatizo. Naliweka hili mbele kwa sababu kila anayefikiria kurudi kwenye uchoraji baada ya miaka ya kazi nyingine huuogopa mkono kwanza: umekufa ganzi, vidole vimesahau. Mkono hurudi. Wangu ulichukua wiki sita hivi kufika mahali ambapo mstari nikiutaka upite hapa, unapita hapa. Kilichonitesa ni siku yenyewe. Ofisini siku ina kuta: kuna saa ya kufika, kuna chai ya saa nne, kuna bosi anayepita. Nyumbani siku ni uwanja mtupu. Ukikaa na penseli katikati ya uwanja huo, hadi saa saba mchana utakuwa umefua, umepika, umejibu ujumbe arobaini, na karatasi bado nyeupe.

Mimi huchora vitabu vya watoto, na nitabaki humo kwa sababu ndimo ninamojua bei na makosa. Mshonaji au mwandishi wa hadithi anayerudi kazini atachukua kinachomfaa.

Nianze na pesa. Dar es Salaam wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, kwa hiyo mtu anaweza kuacha mshahara akiwa na akiba inayoonekana nono na mwenye nyumba akaimaliza kwa siku moja. Mimi niliondoka na fedha za miezi mitatu. Hesabu ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Ukituma michoro ya mfano leo, mhariri akikujibu haraka ni wiki ya tatu au ya nne. Mkataba husomwa, hurudishwa, husainiwa: mwezi mwingine. Fedha ya kwanza huingia mwezi wa tatu mambo yakienda vizuri, na ya mwisho huja baada ya kukabidhi kazi. Mwezi wa nne nilikuwa nachora kadi za harusi na mabango ya saluni ili nipate hela ya umeme wa Luku, na kazi hizo zilikula asubuhi zilezile nilizoacha ajira kwa ajili yake. Kukopa kwa wadogo zangu kuliniuma kuliko njaa.

Ningeanza upya, nisingeacha kazi. Ningechora saa moja na nusu kila siku kabla ya kwenda ofisini, kwa miezi mitatu, hadi niwe na michoro ya mfano na jibu la mhariri mmoja walau. Ndipo ningetafuta kodi ya mkupuo mmoja iliyokwisha kulipwa, chakula na umeme wa miezi sita, kisha barua ya kuacha kazi. Anayekuambia ruka tu, mabawa yataota angani, muulize kodi yake inalipwa na nani.

Sasa wiki sita za mkono. Nunua rimu moja ya karatasi za kawaida za A4, gramu 80, yaani karatasi 500, penseli za 2B, raba na kichongeo. Basi. Mimi nilianza na karatasi nzito ya rangi za maji, gramu 300, ya pamba, na kila nilipoitazama niliona bei. Karatasi ghali humfanya mtu achore kwa woga, na mstari wa woga ni mfupi, umekatika-katika, wenye nywele. Nikaihifadhi juu ya kabati nikisubiri niive. Masika yakaingia. Unyevunyevu wa pwani hufanya kitu kibaya kwenye karatasi hizo: gundi iliyopakwa kiwandani ili rangi isizame huharibika, na unapoweka rangi ya kwanza, sehemu nyingine inaelea juu kama kawaida, nyingine inanywa kama tambara. Anga la buluu linatoka na madoa ya kiza kama ngozi yenye mapunye. Hakuna dawa ya karatasi iliyofikia hapo. Nunua karatasi tano tano, ziweke kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vipakiti vya kukaushia vinavyokuja ndani ya viatu vipya, na usiziegemeze ukutani.

Zoezi la kila siku lilikuwa dakika kumi za mistari: ukurasa mzima wa mistari sambamba inayochorwa kwa kutumia bega, kiwiko kikiwa juu, kisha ukurasa wa duara. Anayeanza kwa kifundo cha mkono hupata maumivu kwenye mzizi wa kidole gumba ndani ya siku nne, kwa sababu tunaporudi tunaikaba penseli kama inataka kutoroka. Ukiona ncha ya kidole cha shahada imekuwa nyeupe, umekaba. Kila dakika 45 simama. Baada ya mistari, watu ishirini kwa sekunde 30 hadi 60 kila mmoja. Kituo cha daladala kinafaa kuliko picha za mtandaoni, maana mpiga debe hakai akusubiri. Utaona kwamba vilivyosahaulika kwanza ni viganja, nyayo na miguu ya viti. Vitabu vya watoto vimejaa watoto peku waliokalia vigoda, kwa hiyo hapo ndipo pa kukaa muda mrefu.

Jalada la kazi zako za zamani lifungie. Kila nilipochungua nilichochora miaka tisa nyuma, siku hiyo iliharibika: ama niliona nimeshuka, ama niliona sikuwa najua kitu hata zamani. Yote mawili hayachori. Na wenzako uliosoma nao, ambao sasa majina yao yako kwenye majalada, usiwafuatilie mtandaoni katika wiki hizo. Ni wivu tu, na wivu una kawaida ya kujifanya utafiti.

Wiki ya tatu nilianza kupanga siku, na hapa ndipo nilipokosea mara nyingi zaidi. Mpango wa kwanza ulikuwa saa nane kwa siku, kama ofisini. Haukufika Jumatano. Kisha nikanunua daftari la mistari, nikapiga safu tano: tarehe, ukurasa, hatua, nimeanza, nimeacha. Sharti lilikuwa kwamba muda unaohesabiwa ni ule tu penseli au brashi iko kwenye karatasi. Kuchonga penseli, kutafuta picha ya jahazi, kumjibu mhariri, hayo hayaingii. Nilikuwa nikijisifu kwamba nachora saa sita. Daftari likasema saa mbili na dakika kumi.

Baada ya hapo nilipanga saa tatu tu na nikazilinda: kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa mbili na nusu asubuhi, vipande viwili vya saa moja na nusu, katikati chai ya nusu saa. Kipande cha kwanza ni cha penseli na wino, kwa sababu bado kuna giza na taa haimdhulumu mtu anayechora mistari. Rangi husubiri kipande cha pili, jua likiwa limetoka. Anayepaka rangi chini ya balbu ya njano huona njano yake imefifia, anaongeza, na mchana anakuta mtoto wa hadithi ana homa ya manjano. Ikibidi kupaka usiku, tafuta taa nyeupe iliyoandikwa 5000K kwenye boksi. Dirisha liwe kushoto kwako kama unatumia mkono wa kulia, kivuli cha mkono kisiangukie unapochora. Mwezi wa Ramadhani ratiba hii husogea yenyewe: baada ya daku hulali tena, meza iko palepale, nyumba imetulia.

Jambo lililobadilisha zaidi ni dogo, na lilinichukua miezi miwili kulijua. Usiinuke mezani ukiwa umemaliza. Inuka ukiwa katikati ya kitu, na acha karatasi ya kesho imebandikwa tayari kwenye ubao, penseli imechongwa, na kikaratasi kinachosema la kuanza nalo. Kikaratasi kisiandikwe "endelea uk. 6". Changu kimoja kilisema: "Kanga ya Bibi, pindo la kushoto tu. Kisha mafiga. Mbuzi usimguse." Ukikaa kesho yake huna cha kuamua. Dakika kumi za kuamua ndizo simu inapoingilia, ndipo mtu anapokumbuka maharage hayajalowekwa.

Simu nayo. Kuizima kabisa sikuweza, nina mzazi mgonjwa mkoani. Simu nyingi zina hali ya kutosumbua inayoruhusu namba chache zilie. Nikaweka namba mbili, simu ikalala chumba kingine juu ya friji. Umbali ni wa maana: ikiwa mezani imezimwa sauti, jicho bado linaifuata.

Majirani na ndugu ni kazi nyingine. Mtu aliyeko nyumbani asubuhi, kwetu, hana kazi. Utapokea gesi ya jirani, utamsubirisha fundi wa bomba, utaombwa umwangalie mtoto "dakika mbili tu, si upo?" Kueleza kwamba unachora hakusaidii, kuchora kunasikika kama mchezo. Kilichosaidia ni kubadili lugha na nguo. Nilianza kusema "niko kazini hadi saa mbili na nusu", nikavaa viatu, nikafunga mlango wa chumba. Viatu ni jambo la kipuuzi lakini vilifanya kazi. Mtu mwenye viatu haitwi aje kushika kuku.

Kuna mambo ambayo hayakataliki. Msiba ukitokea unakwenda, na unakaa, na kitabu kinangoja. Ratiba isiyojua hilo imeandikwa na mtu wa nchi nyingine. Kwa hiyo niliacha kupanga siku tano. Nilipanga nne, ya tano nikaiacha tupu kwa ajili ya msiba, hospitali, foleni ya ofisi ya serikali. Wiki isiyo na dharura ndipo nalipa deni. Kamati za harusi ni tofauti: toa mchango mapema, omba udhuru wa vikao. Hakuna aliyenuna alipoona mchango umefika wa kwanza.

Sasa hesabu ya kitabu, ambayo laiti ningeifanya kabla ya kutaja tarehe. Kitabu cha kushonwa kwa pini katikati huwa na idadi ya kurasa inayogawanyika kwa nne, na vingi vya watoto ni 24. Ukurasa wa 1 ni jina la kitabu, wa 2 ni hakimiliki, hadithi inaanza wa 3. Kurasa shufwa ziko kushoto, witiri kulia. Unabaki na ukurasa wa 3 peke yake, jozi kumi za kurasa zinazotazamana kutoka 4 na 5 hadi 22 na 23, kisha wa 24 peke yake. Na jalada.

Jozi moja kwangu ilikula saa tatu za penseli, nne za wino, sita za rangi, mbili za kuskani na kusafisha. Jumla 15. Jozi kumi ni saa 150. Kurasa mbili za pekee, saa nane kila moja, 16. Jalada 15. Ramani ya kitabu, yaani vichoro vidogo vya kurasa zote kwenye karatasi moja, 8. Kuwachora wahusika kwa kila upande kabla ya kuanza, 10. Hiyo ni 199. Masahihisho huongeza sehemu ya tano, saa 40. Unafika 239. Kwa saa tatu kwa siku, siku nne kwa wiki, ni wiki 20. Mimi nilimwambia mhariri "miezi miwili" kwa sauti ya mtu anayejua, kwa sababu nilikumbuka nilivyokuwa nikichora nikiwa na miaka ishirini na sita, bila mtoto, nikikesha. Nilikabidhi mwezi wa tano na kitu, na kwa wiki kumi niliogopa kufungua barua pepe. Uoga huo wenyewe unakula saa za kuchora. Mtu akichelewa, aandike mapema, ataje tarehe mpya moja iliyotoka kwenye daftari lake na aambatanishe kurasa zilizokwisha. Mhariri anaweza kusogeza tarehe ya kiwanda cha uchapaji, asichoweza ni kubahatisha kama uko hai.

Ramani ya kitabu na karatasi ya wahusika ndizo hatua ambazo anayerudi hutamani kuziruka, kwa sababu hazionekani kama kazi. Bila ramani, utagundua kwenye ukurasa wa 15 kwamba Bibi amekaa upande wa kushoto katika kurasa sita mfululizo. Bila karatasi ya wahusika, mtoto wa ukurasa wa 3 na wa 20 si ndugu. Andika pembeni vipimo vya kitoto kabisa: kichwa kinaingia mara nne na nusu kwenye urefu wa mwili, sikio linaanzia usawa wa jicho, gauni lina vifungo vitatu, pengo liko juu kulia. Pengo langu lilihama upande mara mbili.

Acha nafasi ya maneno, na iache pana kuliko ndefu. Kiswahili hubeba sentensi ndani ya neno moja. "Walipomkimbilia" kwa herufi kubwa za msomaji anayeanza, tuseme saizi ya 18, haitaki kuingia kwenye kisafu chembamba ulichokiacha kati ya mwembe na nyumba. Itakatwa vibaya au mpangaji wa kurasa ataiweka juu ya kichwa cha mbuzi. Mimi sasa huchapa maneno ya muswada kwa saizi halisi, nayakata kwa mkasi, nayalaza juu ya mchoro wa penseli kabla ya kugusa wino. Theluthi moja ya kila jozi iwe tulivu: anga, ukuta, mchanga.

Nyuso ziweke mbali na mkunjo, milimita 15 walau. Ongeza milimita 3 kila ukingo unaokatwa, rangi ifike huko, la sivyo kisu kikiyumba utaona uzi mweupe. Skani kwa nukta 600 kwa inchi, kisha kabidhi kwa 300 kwa saizi halisi.

Ngozi za watu wetu zinastahili aya yake. Rangi kwenye kioo cha kompyuta hutokana na mwanga, kiwandani hutokana na wino wa aina nne, na programu inapobadilisha kahawia nzuri kuwa wino hupenda kuitia nyeusi. Nyeusi kwenye uso huzima. Watoto wanatoka na rangi ya jivu, kama waliopakwa vumbi la simenti, na vitabu vya namna hiyo viko madukani hadi leo. Dawa ni kuijenga kahawia kwa nyekundu na njano, uitie giza kwa buluu, nyeusi iwe kidogo sana au isiwepo isipokuwa kwenye nywele na mboni. Kisha angaza uso kidogo kuliko unavyopenda kwenye kioo, kwa sababu karatasi hunywa. Omba ukurasa mmoja wa majaribio kutoka kiwanda kitakachochapa. Printa ya stesheneri haikwambii lolote kuhusu mashine yao.

Na kanga. Nilimchora Bibi amejifunga kanga, nikaweka mikwaruzo mahali pa jina nikidhani nani atasoma. Mhariri alisoma. Watoto nao husoma, ndiyo kazi yao. Kanga ina pindo, mji na jina, na jina lisiposomeka mtazamaji anahisi kuna uongo hata kama hajui ni wapi. Liandike kwanza kwenye karatasi bapa, ikunje karatasi kama nguo inavyokunjika kiunoni, ndipo unakili herufi zinazobaki kuonekana. Kosa hilo lilinigharimu saa 11 kwa sababu niligundua rangi ikiwa imekauka. Ndiyo maana penseli za kitabu kizima ziidhinishwe kwa maandishi kabla ya wino. Kurekebisha penseli ni dakika, wino ni saa, rangi ni ukurasa mpya.

Umeme ukikatika, siku haijafa kama una orodha mbili. Ya kwanza ni kazi za mikono: penseli, vichoro vidogo, kuosha brashi, kukata karatasi. Ya pili ni kazi za umeme: kuskani, kusafisha, kutuma. Ukiwaka, fanya ya pili hata kama mpango ulisema vingine. Faili ziwe mahali patatu, na pamojawapo pawe nje ya nyumba, na majina yake yaeleweke na mtu mwingine: "uk04-05_rangi_v2". Nilipoteza jozi moja kwa kuibandika juu ya nyingine kwa sababu zote mbili ziliitwa "mpya".

Mkataba nitaupitisha haraka. Malipo kwa vipande: asilimia 40 kusaini, 30 penseli zikikubaliwa, 30 kukabidhi. Anayesema utalipwa kitabu kikitoka anakuomba umkopeshe. Masahihisho mara mbili kwenye penseli, mara moja kwenye rangi, na iandikwe kwamba kubadilisha hadithi baada ya penseli ni kazi mpya. Karatasi halisi zirudi kwako. Jina lako liwe ukurasa wa kwanza. Tafsiri, matoleo ya mtandaoni na katuni za runinga zitajwe moja moja, au zibaki zako. Kwa mkazi wa Tanzania mlipaji hukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma; dai cheti cha zuio, usikubali kuambiwa tu "tumekata". Sheria ya hakimiliki ya 1999 inalinda kazi maisha yako yote na miaka 50 baadaye, lakini inalinda mchoro, hailindi wazo. COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, husajili kazi, na usajili ni ushahidi mzuri siku ukimkuta mbuzi wako kwenye fulana.

Kwa mhariri mpya nilituma michoro mitatu tu: mtoto yuleyule akilia, akikimbia, akiwa kwenye umati wa sokoni. Mmoja mmoja si kitu, yote mitatu inamwambia kwamba unaweza kumshika mhusika asibadilike. Faili moja, chini ya MB 5. Kimya cha wiki mbili si jibu, uliza mara moja kwa mistari miwili.

Upweke sikuutegemea. Wachoraji wa Tingatinga pale Oysterbay hukaa bega kwa bega, huyu anapiga mandhari, yule anapiga madoa ya chui, na mtu akilegea anaona mwenzake hajalegea. Chumbani hakuna anayekuona. Nikampata mchoraji mwingine anayefanya kazi alfajiri, tukawa tunapigiana simu ya video, sauti imezimwa, simu imeelekezwa kwenye mikono. Hatusemi kitu hadi saa ya chai. (Ndiyo, hii ni simu ya pili, ya zamani, haina ujumbe wala namba ya mtu mwingine.) Mwenye uwezo anaweza kutafuta nafasi kwenye studio za pamoja kama zile za Nafasi Art Space, Mikocheni, lakini pigia hesabu nauli na foleni kabla hujaita hiyo ni saa ya kazi.

Wiki baada ya kukabidhi ilikuwa mbaya kuliko zote. Hakuna ukurasa wa kesho, kikaratasi hakipo, na kuta zote ulizojenga zinaanguka kwa siku tatu. Ramani ya kitabu kinachofuata, hata kama ni cha kujitungia tu, iwe imeanzwa kabla ya jalada la hiki kukauka.

Nakala zilipotoka nilidai kumi zilizokuwa kwenye mkataba. Moja haikwenda kwa mtu. Niliipitia na kalamu nyekundu na iko mezani hadi sasa. Uk. 9: sikio la mbuzi limemezwa na mkunjo. Uk. 13: nafasi ya maneno nyembamba. Uk. 14: jina la kanga linasomeka. Uk. 17: mjomba amekuwa jivu. Uk. 20: Bibi ana vidole sita mkono wa kushoto. Mhariri hakuona, kiwandani hawakuona, mimi mwenyewe sikuona kwa miezi mitano. Mtoto wa jirani aliona kabla hajamaliza kufungua ukurasa.